Raba nyembamba za kizamani: maswali tunayoulizwa kila Jumamosi

Kila Jumamosi alfajiri, tunapojinyoosha pale Coco Beach kabla ya kushika njia ya Daraja la Tanzanite, hakosekani mgeni wa kunitazama miguu kabla hajanisalimia. Raba zangu ni nyembamba, soli bapa, hazina cha kusifia. Zake zimefura kama andazi. Tukimaliza kilomita ya pili, swali linakuja: mbona raba zako ni nyembamba hivyo? Nimechoka kulijibu huku nahema, kwa hiyo haya hapa majibu, pamoja na maoni ya wenzangu ambao hawakubaliani nami hata kidogo. Kwenye kundi letu watu wanaweza kusameheana deni, lakini si habari ya soli.

Raba "ya kizamani" ni ipi hasa?

Ni raba ya kukimbilia isiyo na mambo mengi. Juu kitambaa na kamba, chini soli nyembamba yenye sponji kidogo au isiyo nayo kabisa, basi. Haina bamba la kaboni ndani ya soli la kumsukuma mkimbiaji mbele, haina kifuko cha hewa, haina kile kipande kigumu cha upande wa ndani cha kuuzuia mguu usilalie ndani. Ukiishika ncha na kisigino inakunjika bila ubishi, na ukiisokota inasokoteka kama tambara la deki.

Kuna kipimo kimoja utakisikia sana: tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele. Wakimbiaji wanaiita dropu. Raba nyingi za mazoezi tulizozoea zina dropu ya milimita 10 hadi 12, maana yake kisigino kimekaa juu kama kwenye kiatu cha ofisini. Za kizamani ninazozizungumzia hapa zina sifuri hadi 4 au 5. Kuhusu unene, raba za mashindano za leo zinaweza kufika milimita 40 chini ya kisigino, na zingeendelea kupanda kama Shirikisho la Riadha la Dunia lisingeweka kikomo hicho mwaka 2020 kwa mbio za barabarani. Ya kizamani kwa kawaida haifiki hata nusu ya hapo.

Sasa wazee walikimbiaje na vitu hivyo?

Walikimbia, tena mbio za kutisha. Mwaka 1951 Shigeki Tanaka, kijana wa Hiroshima, alishinda marathoni ya Boston kwa saa 2:27:45 akiwa na viatu vilivyotenga dole gumba na vidole vingine, kwa mtindo wa zile tabi za kwao Japani. Miaka miwili kabla yake, mjini Kobe, Kihachiro Onitsuka alikuwa ameanzisha kiwanda cha viatu vya michezo ambacho leo dunia inakijua kwa jina la Asics. Raba zake nyembamba ndizo ambazo Phil Knight na kocha wake wa zamani, Bill Bowerman, walianza kuziuza Marekani mwaka 1964, kabla hawajaona kwamba nao wanaweza kutengeneza za kwao na kuziita Nike. Bowerman ndiye yule aliyeharibu chuma cha mkewe cha kuokea keki za waffle mwaka 1971 kwa kukimiminia mpira, akitafuta soli nyepesi yenye meno. Nimeoa, kwa hiyo huwa najiuliza ile asubuhi iliishaje.

Sehemu muhimu ya historia hii, ambayo watu huiruka, ni kilichofuata. Mwaka 1972 Mmarekani Frank Shorter alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Munich, na Wamarekani wakaingia barabarani kwa mamilioni. Wanasheria, walimu, wauza bima, watu waliokaa kwenye kiti miaka ishirini. Hawa hawakuwa na vigimbi vya Tanaka. Walitua kwa kisigino, na kwa nguvu. Katikati ya miaka ya sabini ikaingia EVA, sponji nyepesi iliyojaa vijipovu vya hewa, na mwaka 1978 Nike wakaweka mfuko wa hewa ndani ya soli. Kisigino kikanenepa mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema viwanda viliharibu raba kwa tamaa ya fedha, mwambie apunguze. Raba ilibadilika kwa sababu mkimbiaji alibadilika. Ile ya zamani ilishonwa kwa ajili ya mguu uliokwisha kufanya kazi. Swali la kujiuliza ni kama wako umefanya.

Abebe Bikila alishinda peku. Huo si ushahidi wa kutosha?

Ni ushahidi kuhusu Bikila. Tarehe 10 Septemba 1960, kwenye Olimpiki mjini Roma, askari huyu wa kikosi cha kumlinda mfalme wa Ethiopia alikimbia kilomita 42 peku kwa saa 2:15:16, muda ambao hakuna binadamu aliyewahi kuufikia kabla yake. Mbio zilimalizika usiku karibu na Tao la Constantine. Njiani walipita kwenye mnara wa Axum, ule ambao Waitalia waliung'oa Ethiopia na kuupeleka kwao. Hadithi kama hiyo huwezi kuitunga.

Lakini kwa nini alikuwa peku? Si kwa imani. Alikuwa amefanya mazoezi hivyo miaka mingi, na viatu alivyopata Roma vilimbana. Mwaka 1961 alikwenda Japani kukimbia, na Onitsuka akamshawishi avae viatu. Mwaka 1964 Tokyo, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, alishinda tena, safari hii akiwa na raba na soksi, kwa saa 2:12:11. Dakika tatu na ushee chini ya ule muda wa peku. Bikila mwenyewe hakuufanya upeku kuwa dini, sasa wewe wa Sinza utaufanyaje?

Lakini wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia si wanapenda raba nyembamba?

Niliamini hivyo mpaka nilipofika Iten, mji ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye lango maarufu la kuwakaribisha wageni kwenye makao ya mabingwa. Nilitegemea kuona soli za karatasi. Nikaona watu wanaokimbia taratibu kwenye barabara ya vumbi jekundu wakiwa na raba nene, nyingine zimechoka, nyingine mpya kutoka kwa wadhamini. Nilipomuuliza kijana mmoja mbona haendi na nyembamba, akacheka: "Boss, hizo nilivaa shule ya msingi, zilikuwa zinaitwa miguu."

Jibu lake lina kitu. Watoto wengi wa kule wamefika miaka kumi na tano wakiwa wamekwenda shule na kurudi kwa nyayo zao. Kazi ya kuimarisha mguu ilishafanyika zamani, kwa hiyo raba wanayovaa sasa haibadilishi sana namna wanavyotua.

Wanasayansi wanasemaje? Zinazuia majeraha?

Hapa ndipo kelele zilipo, nisome polepole.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti uliolinganisha wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa. Waliokulia peku walitua zaidi kwa sehemu ya mbele ya mguu, na hivyo hawakupata ule mshindo mkali ambao mtu wa kisigino huupata kila hatua. Dunia ikashangilia. Raba zenye vidole kama glavu zikauzwa kama njugu.

Mwaka 2013 wakaja watafiti wengine waliowapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wasiozoea viatu maishani mwao. Kwa mwendo wao wa kawaida, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Peku! Kumbe hakuna mtuo mmoja ulioandikwa na Mungu kwa binadamu wote. Mwendo, ardhi na mazoea vina sauti.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Brigham Young kule Utah kiliwachukua wakimbiaji 36, karibu nusu wakahamia polepole kwenye raba za vidole kwa wiki kumi. Walipopigwa picha za MRI, 10 kati ya 19 waliohamia walikuwa na dalili za mifupa ya mguu kuelemewa. Na mwaka 2014 Vibram, watengenezaji wa raba hizo, wakakubali kutoa hadi dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema faida za kiafya zilizotangazwa hazikuwa na uthibitisho. Kampuni haikukiri kosa, lakini shangwe zikapoa.

Upande wa pili nao hauna cha kujivunia. Jeshi la Marekani lilijaribu kuwapangia maelfu ya makuruti viatu kulingana na umbo la unyayo, bapa au wenye upinde, kama wauzaji wanavyofanya dukani. Majeraha hayakupungua. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 ya tafiti za raba za kukimbilia yalimaliza kwa kusema kwamba, kwa ushahidi dhaifu uliopo, raba nyembamba na za kawaida huenda hazitofautiani sana katika kuzuia majeraha. Kule Luxembourg waliwafuatilia zaidi ya wakimbiaji 800 na kuona waliopewa soli ngumu waliumia zaidi kuliko waliopewa laini. Hilo ni pigo kwa watu wa upande wangu, na sina jibu la kulipuuza.

Ninavyoelewa mimi ni hivi: mzigo haupotei, unahama. Raba nene yenye kisigino kirefu huuelekeza zaidi kwenye goti na nyonga. Nyembamba huushusha kwenye kigimbi, kano ya kisigino na vifupa vya mguu. Mwenye goti bovu na kigimbi imara ataipenda. Mwenye kano bovu ataijutia ndani ya wiki mbili.

Wenzako kwenye kundi wana maoni gani?

Dada mmoja mhasibu, miaka 41, alikuwa anafunga goti kila Jumamosi. Alihamia raba nyembamba kwa miezi mitano. "Goti lilinyamaza," anasema, "halafu kano likaanza kuongea." Sasa anavaa nyembamba mara mbili kwa wiki na nene siku ya mbio ndefu.

Nesi wetu hataki kusikia. "Nasimama wodini saa kumi na mbili. Miguu yangu nikiitia kwenye hicho kikaratasi chako, inanilaani."

Kijana anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 34 haoni ugomvi ulipo. Mazoezi ya kasi uwanjani anavaa nyembamba kwa sababu anahisi vizuri namna anavyotua, siku ya mashindano anavaa ya kaboni kwa sababu anataka muda. Mwalimu wa sekondari anazipenda kwa sababu ya vidole tu: ana mguu mpana, na raba za kisasa nyingi humbana mbele hadi kucha ya mwisho inakuwa nyeusi.

Na Mzee wetu, mstaafu wa jeshi, tukimpa shikamoo na kumuuliza juu ya raba, jibu ni lilelile kila wiki: "Marahaba. Sisi tulikimbia na buti na begi mgongoni. Nyie mnazozana juu ya sponji."

Nimeshawishika. Naanzaje?

Usianze kama mimi. Nilizinunua Ijumaa, Jumamosi nikakimbia kilomita 12 nikijisikia mwepesi kama swala. Jumapili nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, na hali ile ikaendelea siku tatu. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba raba zile hazihitaji kuzoewa. Zake labda.

Wiki mbili za kwanza zivae kutembelea tu: sokoni, kazini kama wanaruhusu, kwenda dukani kununua vocha. Mguu ujifunze kuishi bila kisigino cha kupandishwa. Wakati huohuo simama kwenye ukingo wa ngazi kwa ncha za miguu, panda na kushuka polepole mara 15, raundi tatu, siku moja moja ukipumzika katikati. Likishakuwa rahisi, fanya kwa mguu mmoja.

Wiki ya tatu, ukiwa umemaliza mbio zako za kawaida na raba zako za kawaida, badilisha na ukimbie dakika tano tu na zile nyembamba. Mara mbili kwa wiki. Ongeza dakika mbili au tatu kila wiki kama kigimbi kimekubali, na usiongeze kama kinalalamika. Hatua ziwe fupi na za haraka, na ukisikia soli inapiga "pa! pa!" kama kandambili, unatua vibaya. Usijilazimishe kukimbia kwa vidole kama mcheza baleti. Kisigino kiguse chini baada ya mbele kutua. Kama huwezi, basi tua katikati, na kama unatua kwa kisigino bila kishindo wala maumivu, endelea na maisha yako.

Miezi mitatu au minne ni muda wa kawaida kufika kilomita nane hivi. Mtu wa miaka hamsini ahesabu zaidi, kwa kuwa kano hujijenga polepole sana kuliko msuli, na mapafu hukudanganya kwamba uko tayari.

Kigimbi kinauma. Niendelee?

Maumivu yaliyosambaa kwenye kigimbi, miguu yote miwili, yanayopungua baada ya siku mbili: kawaida, pumzika kisha rudi. Kano ya kisigino inayokakamaa asubuhi unapotoka kitandani: punguza nusu, fanya mazoezi ya ngazi. Maumivu ya sehemu moja juu ya mguu, pale unapoweza kuweka kidole na kusema "hapa", yanayozidi kila unapokimbia: acha kabisa, nenda hospitali. Huo unaweza kuwa ufa kwenye kifupa, na eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe. Usikubali kurudishwa barabarani kwa sababu picha ni safi ilhali bado unachechemea.

Nina uzito mkubwa au nina kisukari. Zinanifaa?

Uzito peke yake haukuzuii, unakutaka uende polepole maradufu. Kisukari ni jambo lingine. Kama miguu imeanza kufa ganzi, usikimbie na soli nyembamba na usikimbie peku hata ufukweni, kwa sababu unaweza kukanyaga kipande cha chupa na usijue hadi uone damu kwenye soksi. Zungumza kwanza na daktari.

Naweza kuzipata mitumba?

Hapa ndipo napapenda. Raba za mashindano za miaka ya nyuma, zile nyepesi kabla ya enzi za kaboni, zinafika Karume hapa Dar na Memorial kule Moshi bila mtu kuzijua. Muuzaji anaona soli nyembamba, anadhani imelika, anaitupa kwenye rundo la bei ndogo huku ile nene iliyokufa sponji ikining'inizwa juu kama nyama ya sikukuu. Nimewahi kuchukua jozi kwa elfu kumi na tano ambayo nilikimbia nayo miaka miwili.

Lakini fungua macho. Kwanza tafuta lebo ndogo ndani ya ulimi wa raba. Nyingi zina tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa na zaidi ya miaka kumi, shuku gundi hata kama inang'aa. Bonyeza sponji kwa dole gumba: EVA iliyozeeka inakuwa ngumu kama sabuni ya mche. Mbaya zaidi ni sponji ya poliyurethani, ambayo huliwa na unyevu wa hewa taratibu hata ikiwa sandukuni. Kwa hewa ya Dar, raba inaonekana mpya, unakimbia kilomita mbili, soli inamomonyoka kama keki kavu. Ilinikuta mbele ya watu pale Oysterbay nikamaliza na soksi.

Kisha iweke juu ya meza na uitazame kwa nyuma. Kisigino kikilala upande mmoja, aliyeivaa alikuwa na mwendo wake na amekuachia urithi. Na ugeuze soli: ukiona matundu ya skrubu, hiyo ni spaiki, kiatu cha misumari cha uwanjani, si ya barabarani, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Na zile za fasheni zenye sura ya zamani?

Cortez ya Nike ya mwaka 1972 ilikuwa raba ya kukimbilia kweli. Inayouzwa leo kwenye maduka ya nguo imetengenezwa kuvaliwa na jinzi. Nenda nayo harusini.

Vipi katambuga?

Swali hili liliulizwa kwa utani, lakini lina jibu. Wararámuri wa milima ya Chihuahua kule Mexico hukimbia masafa marefu na ndala za kamba zilizokatwa kutoka kwenye tairi, binamu kabisa wa katambuga za Wamasai wetu. Mwaka 1993 mmoja wao, Victoriano Churro, akiwa na miaka 55, alishinda mbio za maili 100 za Leadville, Colorado, akiwa na ndala za namna hiyo. Mimi nilijaribu katambuga mara moja Monduli. Tairi la gari ni gumu, zito, na halikunjiki, na gidamu lilinichuna ngozi kabla ya kilomita ya tatu. Walionizunguka walikuwa wanacheka wakiwa wamevaa zilezile na hawana hata mchubuko.

Naweza kukimbia marathoni nzima nazo?

Unaweza. Haile Gebrselassie alikimbia Berlin saa 2:03:59 mwaka 2008 na raba ya Adidas iliyo bapa na nyepesi ukilinganisha na za leo. Paula Radcliffe aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya saa 2:15:25 London mwaka 2003, na rekodi ile ilikaa miaka 16, hadi Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019 kwa 2:14:04 akiwa na raba za kizazi kipya.

Hata hivyo tusidanganyane. Maabara ya Colorado mwaka 2017 ilipima raba ya kwanza ya kaboni ya Nike ikakuta mkimbiaji anatumia nishati pungufu kwa asilimia 4 hivi akilinganishwa na raba za mashindano za wakati huo. Uzito nao una bei yake: gramu 100 za ziada kwenye kila mguu hugharimu karibu asilimia moja ya nishati, na hapo ndipo raba yetu nyepesi inapopata pointi, lakini sponji mpya nazo siku hizi ni nyepesi mno. Kwa saa pekee, nyembamba imeshindwa.

Kwa mtu wa saa nne na nusu, tatizo ni jingine. Baada ya kilomita 30 mwendo unaharibika, hatua zinakuwa nzito, unatua unavyoweza. Raba nyembamba haikusamehi hapo. Kilimanjaro Marathon nilikimbia nayo mwaka mmoja. Kupanda kuelekea Mweka kulikuwa raha, kuteremka kurudi Moshi mapaja yakawa yanatetemeka kama mashine ya kusaga. Mwaka uliofuata nilivaa nene na sikuona aibu.

Lami, vumbi, au mchanga?

Vumbi lililoshindiliwa ni bora kuliko yote. Lami haina shida ukishazoea. Mchanga mkavu wa ufukweni unawapendeza wapiga picha na kuwaumiza wenye kano. Kimbia kwenye ule wenye maji, kisha geuka urudi njia ileile ili mteremko wa ufukwe usielemee mguu mmoja tu. Kokoto zilizochongoka kule Goba, kila moja utaijua kwa jina.

Mtoto wangu anaanza kukimbia shuleni. Nimnunulie nene?

Mnunulie inayomtosha, yenye nafasi ya vidole kucheza, inayokunjika. Raba ya kitambaa inatosha kabisa. Sisi tulizipaka chaki Jumapili jioni ili mwalimu wa zamu asitutoe kwenye mstari, na Jumatatu mchana zilikuwa rangi ya udongo.

Zinadumu? Fundi anaweza kuzirekebisha?

Zinadumu kuliko unavyodhani, kwa kuwa hakuna sponji nyingi ya kufa. Nene inaweza kuwa nzuri kwa macho ilhali ndani imechoka. Nyembamba ikiisha unaona tundu.

Fundi viatu anaweza kushona ukingo uliobanduka, lakini mwambie uzi usitobolee katikati ya soli, utaingiza maji na kukukwaruza. Na kama kisigino kimoja kimelika, asikuwekee kipande cha tairi upande huo peke yake. Fundi wetu wa mtaani alinifanyia wema huo bila kuniuliza. Nilikimbia wiki nzima mguu mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, kiuno kikanikumbusha. Ukizifua, toa kamba, jaza magazeti, anika kivulini. Jua la mchana hukausha gundi.

Wewe mwenyewe unavaa nini?

Nina jozi tatu na nazibadilisha. Nyembamba siku mbili au tatu za wiki, mbio fupi na za kasi. Ya kati siku nyingine. Nene kwa mbio za Jumapili zinazozidi kilomita 18. Kuna utafiti wa Luxembourg ulioona kwamba waliobadilisha raba zaidi ya moja waliumia kidogo kuliko wenye jozi moja, ila nakiri nilianza kubadilisha kabla sijausikia, kwa sababu moja ilikuwa haijakauka.

Soksi au bila soksi?

Soksi. Nyembamba, si za pamba nene za shule, kwa sababu pamba ikilowa jasho inaleta malengelenge. Wanaosema bila soksi ndiyo uhuru waulizwe raba zao wanaziacha wapi usiku, na kama wenye nyumba wanakubali.